Mafaili ya core yanajaza diski ya seva: niweke kikomo cha ukubwa gani?

*"Tuna seva ya Linux inayoendesha programu yetu ya C++ chini ya systemd. Ikianguka huanzishwa tena yenyewe, na kila mara inaacha faili la core la karibu gigabaiti 9 kwenye folda yake ya kazi: core.21877, core.21903 na kuendelea. Wiki iliyopita yalijaza diski usiku, na hifadhidata iliyo kwenye diski hiyo hiyo ikagoma kuandika. Nimeweka `ulimit -c 200000` kwenye .bashrc ya root na kuwasha seva upya, lakini mafaili yanakuja makubwa vile vile. Kwenye kompyuta yangu amri hiyo ilifanya kazi, faili likawa dogo, ila gdb inasema limekatwa na hainionyeshi programu iliangukia wapi. Jambo jingine linalonichanganya: nikijumlisha ukubwa unaoonekana kwenye `ls -l` napata zaidi ya diski yenyewe. Mwenzangu anataka tuzime core kabisa. Kipimo sahihi ni kipi?"*

Ndugu msomaji, pole kwa usiku huo. Naona unataka mambo mawili yanayovutana: diski isijae tena, na siku programu ikianguka usibaki mikono mitupu bila ushahidi, yaani faili la core, ile nakala ya kumbukumbu ya programu inayoandikwa pale inapoanguka. Ndiyo maana unatafuta namba ya katikati, ndogo kiasi cha kuinusuru diski na kubwa kiasi cha kuifaa gdb, zana ya kuchunguza programu iliyoanguka. Kwenye Linux namba hiyo haipo. Vyote viwili vinapatikana, ila si kwa kupitia `ulimit -c`, na hata mwenzako anayetaka kuzima ana hoja ambayo tutaifikia.

Tuanze na .bashrc, faili ambalo bash husoma inapofunguka, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kikomo cha core si mpangilio wa seva nzima. Ni mali ya kila mchakato peke yake: mchakato huzaliwa na vikomo vya mzazi wake, na hubaki navyo hata ukianza kuendesha programu nyingine. Unapoandika `ulimit -c 200000` unabadilisha vikomo vya bash uliyomo na vya watoto watakaozaliwa nayo kuanzia hapo. Programu yako haizaliwi na bash ya root. Inazaliwa na systemd, yaani mchakato namba 1, ambao hausomi .bashrc ya mtu yeyote, hata uwashe seva upya mara mia. Kwenye kompyuta yako ilikubali kwa sababu uliiendesha programu kwenye terminali ileile uliyoandikia amri.

Wapo watakaokushauri uhamie /etc/security/limits.conf. Faili hilo lina kazi yake, lakini husomwa na pam_limits mtu anapoingia kwenye mfumo, tuseme kwa ssh au su, na huduma za systemd kwa kawaida hazipiti mlango huo. Lina pia mtego wake: mstari ulioanza na nyota haumgusi root. Kwa huduma yako, mahali pake ni kwenye mpangilio wa huduma yenyewe. Toa amri ya `systemctl edit` ikifuatiwa na jina la huduma, uandike:

```
[Service]
LimitCORE=0
```

au `infinity` badala ya 0, kisha uianzishe huduma upya. Kama huduma iko kazini na hutaki kuigusa, `prlimit` hubadilisha kikomo cha mchakato ulio hai (22040 hapa ni mfano wa namba ya mchakato):

```
prlimit --pid 22040 --core=0:
```

Nukta mbili za mwisho zina maana. Zinasema ubadilishe kikomo laini tu, kigumu ukiache. Laini ndicho kerneli, yaani kiini cha Linux, inachokifuata; kigumu ni dari yake. Mtumiaji wa kawaida anaweza kupandisha laini hadi ifike dari, anaweza pia kuishusha dari, lakini akishaishusha hawezi kuipandisha tena. Na `ulimit -c` isiyo na `-S` hubadilisha vyote viwili kwa mpigo. Ndiyo sababu mtu huandika 0 kwa majaribio, akitaka kurudisha `unlimited` anajibiwa `Operation not permitted`, anaanza kuilaumu mashine. Afungue terminali mpya, yaishe.

Ukitaka kujua kikomo halisi cha programu, usiiulize bash. Uliza mchakato wenyewe:

```
grep core /proc/22040/limits
```

Utapata mstari wa `Max core file size`, safu ya kwanza ikiwa laini, ya pili ngumu, kwa baiti. Hapo kuna jambo dogo linalowapotezea watu muda mwingi: vipimo. Kwenye bash, 200000 uliyoandika ni vipande vya baiti 1024, kwa hiyo /proc itakuonyesha 204800000, kama megabaiti 205. Kwenye dash, ambayo ndiyo `/bin/sh` ya Debian na Ubuntu, namba hiyohiyo ni vipande vya baiti 512, yaani nusu yake. limits.conf huhesabu kwa kilobaiti. LimitCORE na prlimit huhesabu kwa baiti. Skripti ileile ikibadilishwa mstari wake wa kwanza kutoka bash kwenda sh inakupa kikomo kingine, na hakuna atakayekuonya.

Kabla hatujaenda mbele, angalia pia yaliyomo kwenye `/proc/sys/kernel/core_pattern`. Yakianza na alama ya `|`, yaani bomba, kerneli haiandiki faili yenyewe. Inaimiminia programu nyingine, kwa kawaida systemd-coredump, au apport kwenye Ubuntu, na hapo kerneli haisimamii tena kikomo cha ukubwa. Anayepokea ndiye anayeamua aweke nini na kiasi gani. Mafaili yako yana jina la core na namba ya mchakato, na yamelala kwenye folda ya kazi, kwa hiyo nadhani kwako bomba halipo. Lakini thibitisha kwa macho. Nimeona watu wakihangaika na ulimit kwa muda mrefu kumbe kila kitu kinakwenda /var/lib/systemd/coredump.

Sasa tuje kwenye faili lililokatwa, maana hapo ndipo jibu lako lilipo.

Kerneli inapoandika core, huanza na kichwa cha ELF (muundo wa mafaili ya programu kwenye Linux), kisha sehemu fupi ya maelezo: thamani za rejista (visanduku vya ndani vya CPU) za kila uzi, yaani kila mkondo wa kazi ndani ya programu, ishara iliyoiua programu, orodha ya mafaili yaliyokuwa yamepachikwa kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo inamwaga kumbukumbu yenyewe, eneo baada ya eneo, kwa mpangilio wa anwani, kutoka za chini kwenda za juu. Ikigonga kikomo, inaacha hapo hapo. Haichagui cha muhimu wala haipunguzi chochote kwa busara.

Fungua `/proc/22040/maps` ujionee mpangilio huo. Kwenye mashine ya x86-64, mistari ya mwanzo huwa na anwani zinazoanza na 55 au 56: ni programu yenyewe, na chini yake kidogo mstari ulioandikwa `[heap]`. Halafu huja kundi kubwa la anwani zinazoanza na 7f: maktaba, staki za nyuzi za ziada, na vipande vikubwa vya kumbukumbu ambavyo malloc imeviomba moja kwa moja kwa kerneli. Karibu na mwisho kabisa, kwenye anwani kama 7ffc au 7ffd, kuna mstari mmoja wa `[stack]`. Hiyo ndiyo staki ya uzi mkuu, na ndani yake mna kumbukumbu ya kipi kilikiita kipi hadi programu ikaanguka. gdb inaisoma hiyo unapoandika `bt`. Mara nyingi ni kilobaiti mia kadhaa tu.

Linganisha sasa. Programu yako ina gigabaiti 9, kikomo chako ni megabaiti 205. Kikomo kinajaa kerneli ikiwa bado mwanzoni mwa lundo la data, na ile staki ndogo ya thamani, iliyo mwishoni, haifikiwi. Bila shaka gdb ilikuonyesha mstari mmoja wa `#0`, kisha `Backtrace stopped: Cannot access memory at address 0x7ffc` na tarakimu nyingine. Mstari wa kwanza ulipatikana kwa sababu rejista ziko mwanzoni mwa faili. Iliyofuata ilihitaji staki.

Ndiyo maana hata ukipandisha kikomo hadi gigabaiti 2 au 4 hutapata nafuu. Utapata faili kubwa zaidi lisilo na kazi, yaani diski imeliwa na ushahidi haupo. Kwa Linux ninachoshauri ni kimoja kati ya viwili kwa kila mchakato: 0, au bila kikomo. Vilivyo katikati ni hasara pande zote.

Kuna tofauti mbili za kutaja. Kerneli za karibuni zina mpangilio wa `kernel.core_sort_vma`, ukiuweka 1, maeneo madogo huandikwa kwanza na makubwa mwishoni, hivyo hata faili lililokatwa linaweza kubaki na staki. Nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya kwamba unavuruga zana za elfutils, kwa hiyo mimi nisingejenga mfumo mzima juu yake. Tofauti ya pili ni FreeBSD, ambako faili litakalozidi kikomo haliundwi kabisa. Huko kikomo cha ukubwa, ambacho huwekwa kwa `coredumpsize` kwenye /etc/login.conf, kina mantiki: ama upate faili zima, ama usipate. Anayetoka FreeBSD kuja Linux huja na matarajio hayo, na huumia.

Kuhusu `ls -l` kuonyesha zaidi ya diski yenyewe: mashine haikudanganyi. Kurasa za kumbukumbu ambazo programu iliziomba lakini haikuwahi kuziandika, kerneli haiziandiki. Inaruka mbele na kuacha mashimo ndani ya faili. `ls -l` inahesabu faili pamoja na mashimo yake, `du` inahesabu kilichokaa kwenye diski kweli. Tumia `ls -ls` uone vyote kwa pamoja. Tahadhari tu unapolihamisha: ukilinakili kwa zana isiyojali mashimo, yanajazwa sufuri na faili linavimba huko liendako. `cp --sparse=always` na `tar -S` huyahifadhi.

Basi tufanye nini? Swali lenye tija zaidi ni kwamba hizo gigabaiti 9 ni za nini. Kwenye programu nyingi za seva, sehemu kubwa ni kashe au bafa ambayo haikusaidii hata kidogo kujua kosa liko wapi. Linux inakuruhusu kuchagua aina za kumbukumbu zitakazoandikwa, kupitia `/proc/PID/coredump_filter`. Thamani ya kawaida ni 0x33: kumbukumbu binafsi isiyotokana na faili, kumbukumbu ya pamoja isiyotokana na faili, vichwa vya ELF, na kurasa kubwa binafsi. Kama programu yako huweka kashe kwenye kumbukumbu ya pamoja kati ya michakato, toa biti hiyo moja, ibaki 0x31. PostgreSQL ni mfano mzuri: `shared_buffers` yake hukaa kwenye kumbukumbu ya pamoja, kwa hiyo kila mchakato wake unaoanguka unaweza kubeba bafa nzima ndani ya core yake. Kwa huduma ya systemd, mstari mmoja unatosha chini ya `[Service]`:

```
CoredumpFilter=0x31
```

Systemd ya zamani isiyoujua mpangilio huu, weka `echo 0x31 > /proc/self/coredump_filter` kwenye skripti ya kuanzisha, kabla ya `exec` ya programu. Kichujio hurithiwa kama vikomo vinavyorithiwa.

Lakini kama uzito wote uko kwenye hipu ya kawaida ya C++ (ile `[heap]` na vipande vya malloc), kichujio hakitakufaa, kwa sababu staki nayo ni kumbukumbu binafsi. Ukiitoa biti hiyo unatupa mtoto na maji ya kuogea. Hapo una bahati moja ambayo wengi hawana: programu ni yenu. Tangu Linux 3.4, programu inaweza kuiambia kerneli kwamba eneo fulani lisiandikwe kwenye core:

```
madvise(kashe, ukubwa, MADV_DONTDUMP);
```

Inafanya kazi kwa kurasa nzima, kwa hiyo kashe iombwe kwa mmap, isiwe imechanganyika na vitu vingine vya malloc. MySQL wanafanya hivi hivi tangu 8.0.14 kupitia `innodb_buffer_pool_in_core_file`. Kwa maoni yangu hili ndilo suluhisho bora kuliko yote unayoweza kuchagua, kwa sababu faili linapungua na staki zote zinabaki. Kasoro yake: kosa likiwa ndani ya kashe yenyewe, hutaliona. Liwekee swichi kwenye mpangilio wa programu, ili siku ukishuku kashe uweze kuirudisha kwenye core.

Hata faili likipungua, idadi inabaki kuwa tatizo, na hapo systemd-coredump inakupa kile ulichokuwa ukikitafuta kwa ulimit: dari ya jumla badala ya dari ya faili moja. Kwenye /etc/systemd/coredump.conf:

```
[Coredump]
Storage=external
Compress=yes
MaxUse=20G
KeepFree=30G
```

MaxUse ni jumla ya nafasi ambayo mafaili yote ya core yanaruhusiwa kuchukua, na KeepFree ni nafasi ambayo lazima ibaki wazi kwa wengine, kwenu ni hifadhidata. Usipoandika chochote, ni asilimia 10 na asilimia 15 za diski. Likija jipya na dari imefikiwa, ya zamani huondolewa. Ubanaji nao husaidia sana, kwa sababu kumbukumbu ya programu hujaa vitu vinavyojirudia. Jihadhari na ExternalSizeMax, dari ya faili moja: kwenye matoleo ya zamani ya systemd ilikuwa gigabaiti 2, kwenye mapya ya biti 64 ni gigabaiti 32. Kwa programu ya gigabaiti 9, toleo la zamani litakurudisha kwenye ugonjwa uleule wa kukatwa. `coredumpctl list` ina safu ya COREFILE. Ukiona `present` uko salama, ukiona `truncated` ongeza kipimo hicho. Na kikomo cha mchakato, LimitCORE, nacho kiwe `infinity`, kwa sababu systemd-coredump hukiheshimu hata kama kerneli haikisimamii.

Kuna pia `Storage=none`, ambayo haisemwi sana. Faili halihifadhiwi, ila mfuatano wa miito, yaani ile `bt` ya kipi kilikiita kipi, huandikwa kwenye logi pale inapowezekana. Kwa makosa mengi hiyo tu inatosha kujua pa kuanzia.

Kama hutaki systemd-coredump, njia ya kizamani ipo bado: jina lisilo na namba ya mchakato, ili jipya lifute la zamani.

```
sysctl -w kernel.core_pattern=/var/cores/core.%e
sysctl -w kernel.core_uses_pid=0
```

Amri ya pili usiisahau. Ikibaki 1, kerneli itabandika namba mwishoni na mafaili yatalundikana vile vile. Folda lazima iwepo tayari na mtumiaji wa huduma aweze kuandika humo. Kumbuka pia kwamba `%e` huchukua jina la uzi ulioanguka; programu inayozipa nyuzi zake majina tofauti itaacha zaidi ya faili moja. Udhaifu wa njia hii ni kwamba unabaki na tukio la mwisho tu, na programu inapoanguka mfululizo, mara nyingi lile la kwanza ndilo lenye kisa, mengine ni matokeo ya data iliyoharibika.

Hilo linatupeleka kwenye kitu ambacho hukuuliza. Diski yenu haikujazwa na faili la gigabaiti 9. Ilijazwa na mzunguko wa kuanguka na kufufuliwa. Systemd ina breki ya kuzuia mzunguko huo, lakini kwa kawaida hufunga pale huduma inapoanzishwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10. Kwenu haiwezi kufunga kamwe: kuandika gigabaiti 9 kwa diski inayoandika megabaiti 200 kwa sekunde ni sekunde 45, kwa hiyo kila mzunguko unachukua muda mrefu kuliko dirisha zima. Panua dirisha, kwenye sehemu ya `[Unit]`:

```
StartLimitIntervalSec=1h
StartLimitBurst=4
```

Gharama yake ni kwamba baada ya kuanza mara nne ndani ya saa moja huduma italala chini mpaka mtu aje. Kwa huduma ambayo lazima irudi kwa vyovyote huenda isikubalike. Ni uamuzi wenu. Mimi ningependelea huduma moja ilale kuliko hifadhidata ya wote isimame.

Na sekunde 45 hizo ndizo zinampa mwenzako hoja ya kwanza. Wakati core inaandikwa, mchakato haujafa. Unaendelea kushikilia rasilimali zake na systemd inasubiri. Kwa watumiaji wenu huo ni muda wa huduma kutokuwepo. Hoja yake ya pili ni nzito zaidi: ndani ya core mna kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu, nywila, funguo za siri za TLS, taarifa za wateja. Kerneli huliandika likiwa la mwenye mchakato peke yake, na programu za setuid, yaani zinazoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, haziandikiwi core kama `fs.suid_dumpable` iko 0, lakini mtu akilinakili ili amtumie mwenzake kwa barua pepe, ulinzi huo umekwisha. Akihitaji msaada, atume mfuatano wa miito:

```
gdb -batch -ex "thread apply all bt" ./programu core.21877
```

Hata huo ausome kwanza, maana thamani za vigezo huonekana humo.

Kwa hiyo mwenzako yuko sahihi kwa seva ambazo programu zake si zenu, ambako hakuna atakayefungua core hata moja. Huko LimitCORE=0 na maisha yaendelee, mkijua tu kwamba kama core_pattern ni bomba, kerneli bado itaiita programu ya upande wa pili. Kwa programu mnayoiandika wenyewe, na ambayo inaanguka sasa hivi bila sababu kujulikana, kuzima ni kuzima taa wakati mnatafuta kitu kilichopotea. Ningeanza na CoredumpFilter na systemd-coredump yenye MaxUse leo hii, nikapanua dirisha la kuanzisha upya, na MADV_DONTDUMP ikaja na toleo lijalo. Msisahau kutunza nakala ya programu ileile iliyojengwa na alama zake za utatuzi. Core bila hiyo ni anwani tupu.

Kama mnatumia kontena, core_pattern ni moja kwa kerneli nzima, ya mwenyeji. Huwezi kuwa na yako ndani ya kontena; unachoweza kupanga ni vitu vya mchakato wenyewe, kama kikomo chake, kwa mfano `--ulimit core=0` ya Docker.

Baada ya kubadilisha, jaribu. Usingoje ianguke yenyewe saa nane usiku. Kwenye mashine ya majaribio anzisha huduma, itume ishara kwa `kill -SEGV` na namba ya mchakato, kisha fungua faili kwa gdb na uandike `bt`. Ukiona mfuatano mzima hadi `main`, umemaliza. Usijaribu kwa `kill -9`. Ishara hiyo haizalishi core kamwe, na ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na kerneli inapoua michakato kumbukumbu ikiisha. Kwa hiyo huduma ikipotea bila kuacha core hata baada ya marekebisho haya, angalia kwanza `dmesg`.

Mambo matatu yasitatuliwe kwa kusoma majibu kama haya. Hifadhidata ikiwa bado inakataa kuwaka au inalalamika kuhusu data baada ya diski kujaa, futa mafaili ya core upate nafasi, lakini usiguse faili lolote la hifadhidata kabla hujamwita anayeisimamia aje akae nawe. Kama seva inabeba taarifa za afya au za fedha za watu, msimamizi wa usalama aamue core zihifadhiwe wapi na kwa muda gani, kabla hujawasha chochote. Na kama programu iko wazi kwa mtandao wa nje na ilianza kuanguka ghafla bila toleo jipya kuwekwa, huenda kuna mtu anajaribu kuivunja kwa makusudi. Hapo usifute hata core moja: hamishia mbili tatu za mwanzo kwenye diski nyingine, weka huduma nyingine LimitCORE=0 kama nafasi imebana, na umwite mtu wa usalama azifungue palepale kwenye seva.